Waliokwenda Wasirudi: Mateka, Wapagazi na Haki ya Jina katika Pwani ya Malindi na Kilifi

IKISIRI

Makala haya yanachunguza namna jamii ya Wagiriama wa Malindi na Kilifi ilivyowahifadhi katika kumbukumbu watu wake waliotekwa, waliohamishwa na waliopotea katika vita vya 1914 na katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Ili kuweka msingi wa ulinganishi, makala yanaanza na vyama vya wakongwe wa vita wa Marekani wanaotumia misafara ya pikipiki kuwatetea mateka na askari wasiojulikana waliko. Hoja inayojengwa ni kwamba aliyepotea vitani hupotea mara mbili: kwanza hupotea mwili wake, kisha hupotea jina lake. Kupotea kwa kwanza ni kazi ya vita. Kupotea kwa pili ni kazi ya karani, na kunaweza kuzuiwa. Hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopata wajibu.

1.0 UTANGULIZI

Kila vita huacha nyuma yake makundi matatu ya watu: waliorudi, waliozikwa, na wale ambao hakuna ajuaye waliko. Kundi la kwanza hupokewa kwa vigelegele na la pili kwa kilio. Kundi la tatu halina desturi yake. Mjane wa aliyezikwa hukaa eda akaimaliza. Mjane wa aliyepotea hajui aianze lini. Mama wa aliyezikwa huonyeshwa kaburi. Mama wa aliyepotea huonyeshwa njia, akaambiwa angoje.

Huko Marekani, kundi hili la tatu lilipata watetezi wa namna ya pekee. Mwezi wa Mei 1988, katika siku za kuwakumbuka waliokufa vitani, waendeshaji pikipiki wapatao 2,500, wengi wao wakongwe wa vita vya Vietnam, waliingia mji wa Washington kwa msafara mmoja. Walijiita Rolling Thunder, yaani ngurumo iendayo, jina lililokuwa la operesheni ya mabomu iliyoendeshwa dhidi ya Vietnam ya Kaskazini kati ya 1965 na 1968. Walibeba bendera nyeusi yenye kivuli cha mtu aliyeinamisha kichwa, na nyuma yake mnara wa mlinzi na seng'enge. Madai yao yalikuwa mafupi: serikali itoe hesabu ya kila askari aliyekamatwa au kupotea, hai au maiti. Msafara huo ulirudiwa kila mwaka na kukua hadi kuhusisha maelfu kwa maelfu ya pikipiki. Chama hicho kiliuandaa kwa mara ya mwisho mwaka 2019, na chama kingine cha wakongwe wa vita kikaupokea chini ya jina jipya. Marekani ina idara maalumu ya serikali inayoendelea kuwatafuta askari zaidi ya 80,000 waliopotea tangu Vita Vikuu vya Pili vya Dunia.

Jambo la kuzingatia katika habari hii si wingi wa pikipiki. La kuzingatia ni kwamba kila mmoja wa hao zaidi ya 80,000 ana jina, ana kikosi, na ana tarehe aliyoonekana mara ya mwisho. Mtetezi wake anapopiga hodi serikalini anajua anamuulizia nani. Swali linalozuka ni hili: je, mtu atamtetea vipi aliyepotea ikiwa hata jina lake halikuandikwa? Pwani ya Malindi na Kilifi inalijibu swali hilo kwa namna yake, bila pikipiki na bila bendera nyeusi. Kabla ya kuliendea jibu hilo, ni vyema kuzipima kwanza istilahi ambazo Kiswahili kinatupa.

2.0 ISTILAHI NA UZITO WAKE

Neno mateka linatokana na kitenzi teka, ambacho kina maana ya kuchota maji na pia maana ya kukamata kwa nguvu. Katika matumizi ya zamani mateka walikuwa watu na vitu kwa pamoja, yaani chochote ambacho mshindi aliondoka nacho. Ni sheria za kimataifa, hasa Mkataba wa Hague wa 1907 na ile ya Geneva ya 1929 na 1949, zilizomtoa mateka wa vita katika hesabu ya nyara na kumpa haki. Hata hivyo, haki hizo zilimlinda tu yule ambaye mapigano yake yalikubaliwa kuitwa vita. Serikali ya kikoloni haikuwa tayari kuyaita mapigano dhidi ya raia wake vita baina ya majeshi. Iliyaita uasi. Kwa hiyo waliokamatwa hawakuitwa mateka. Waliitwa wafungwa, wachochezi au wahamishwa. Tofauti ya neno ikawa tofauti ya haki.

Neno la pili ni mpagazi. Kitenzi pagaa maana yake ni kubeba mabegani. Ikumbukwe kwamba kitenzi hicho ndicho kinachotupa kupagawa, yaani kuingiwa na pepo. Anayepagawa amekuwa mbebaji wa kitu asichokichagua. Wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza walikuwa katika hali iyo hiyo: walibeba risasi, mahindi na vyombo vya vita ambavyo havikuwa vyao.

La tatu ndilo zito zaidi: aliyepotea. Kisarufi, potea ni kitenzi kisicho na mtenda wa nje. Tunaposema "askari amepotea," sentensi inamfanya askari mwenyewe kuwa kiima, kana kwamba alikosa njia kwa uzembe wake. Tukiongeza kiambishi cha usababishi tunapata poteza, na katika kauli ya kutendwa tunapata potezwa. "Askari amepotezwa" ni sentensi inayouliza swali: amepotezwa na nani? Si ajabu kwamba Wakenya wa leo, wanapozungumzia watu waliotoweka mikononi mwa wenye nguvu, huichagua kauli hii ya pili. Sarufi hapa si pambo. Inaamua ikiwa kuna wa kuwajibika.

Mwisho kuna viambishi vya mahali, -po, -ko na -mo. Kila mwanafunzi amefundishwa kwamba -po huonyesha mahali dhahiri, ilhali -ko huonyesha mahali pasipo dhahiri. Jamaa wa aliyezikwa wanajua alipo. Jamaa wa aliyepotea hawajui aliko. Tofauti ya herufi moja hii itarejelewa mwishoni mwa makala.

3.0 VITA VYA WAGIRIAMA, 1913–1914

3.1 Dada wa aliyetekwa

Mnyazi wa Menza, ambaye historia inamjua kwa jina la Mekatilili, yaani mama wa Katilili, hakuanza kuwatetea waliochukuliwa mwaka 1913. Masimulizi ya Wagiriama yanaeleza kwamba katika ujana wake ndugu yake mmoja alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa asirudi tena. Ikiwa masimulizi hayo ni sahihi, basi mwanamke huyu aliingia katika siasa akiwa tayari dada wa mtu asiyejulikana aliko.

Mwaka 1912 Arthur Champion, ofisa wa kikoloni, alitumwa kwa Wagiriama kuwatoza kodi na kuwatafuta vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Mnamo Agosti 1913 aliitisha baraza. Kisa cha kuku na vifaranga, ambacho hadi leo husimuliwa Malindi na Kilifi, kimetokana na mkutano huo. Inasimuliwa kwamba Mekatilili alimweka kuku na vifaranga mbele ya ofisa huyo akamwambia ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Alipokigusa, mama kuku alimrukia na kumdonoa. Maana ikawa wazi kwa wote waliokuwapo: hivyo ndivyo mama wa Kigiriama atakavyofanya akichukuliwa mwanawe.

Silaha kuu ya Mekatilili ilikuwa ngoma ya kifudu. Ikumbukwe kwamba kifudu ni ngoma ya mazishi. Kwa kuicheza kijiji baada ya kijiji aliwakusanya watu kwa wingi ambao baraza la serikali halikuupata. Wachunguzi wengi wameiona hatua hii kuwa mbinu ya kuvuta umati. Inaweza kusomwa kwa kina zaidi: Mekatilili aliwalilia vijana kabla hawajachukuliwa. Alifanya matanga mapema, kwa kuwa alijua kwamba wakishakwenda huenda pasiwe na maiti ya kulilia. Baada ya ngoma zilifuata viapo, mukushekushe kwa wanawake na fisi kwa wanaume, vya kutoshirikiana na serikali.

3.2 Kisii na kurudi

Mnamo Oktoba 1913 Mekatilili na mzee Wanje wa Mwadorikola walikamatwa, wakapelekwa Kisii, magharibi mwa nchi. Nia ya kumhamisha mtu mbali hivyo ni kumpoteza bila kumuua. Huko alikopelekwa hakuna aijuaye lugha yake, na huko alikotoka hakuna awezaye kumfuata. Mwanzoni mwa 1914 wawili hao walitoroka, wakarudi Giriama kwa kutembea mamia ya kilomita, kutoka upande wa Ziwa Victoria hadi upande wa Bahari ya Hindi.

Safari hiyo ndiyo kiini cha umaarufu wao, na sababu yake inastahili kuelezwa. Watu wengi walichukuliwa kutoka pwani kabla na baada yao. Hawa wawili walirudi kwa miguu yao wenyewe, wakaitwa kwa majina yao walipofika. Walikuwa ushahidi kwamba aliyechukuliwa hajafa, na kwamba serikali inayosema "amehamishwa" inaweza kuulizwa "yuko wapi?" Walikamatwa tena Agosti 1914, na hawakurejea nyumbani hadi 1919. Mekatilili alifariki katikati ya miaka ya 1920, akazikwa Bungale, Magarini. Yeye ana kaburi lijulikanalo.

3.3 Faini ya watu

Tarehe 4 Agosti 1914, siku ile ile Uingereza ilipotangaza vita dhidi ya Ujerumani, Kaya Fungo, kitovu cha ibada na uongozi wa Wagiriama, ililipuliwa kwa baruti. Mapigano yalifuata katika Agosti na Septemba. Askari wa King's African Rifles waliwapiga risasi watu waliokuwa na pinde na mishale. Wagiriama wapatao 150 waliuawa kwa makadirio, na nyumba nyingi zikachomwa moto. Masharti ya amani yalikuwa matatu: walipe faini ya rupia 100,000, wahame ardhi yao yenye rutuba kaskazini mwa mto Sabaki, na watoe wanaume 1,000 wa kufanya kazi za vita.

Sharti hili la tatu halipewi nafasi ya kutosha katika masimulizi ya kishujaa. Wagiriama walipigana ili vijana wao wasichukuliwe. Waliposhindwa, adhabu yao ikawa ni kuwatoa vijana hao hao. Faini ya rupia iliandikwa, ikahesabiwa na kukusanywa kwa mbuzi. Faini ya watu iliandikwa kama tarakimu: elfu moja.

4.0 KARIAKOO: MTAA WENYE JINA, WATU WASIO NA MAJINA

Kikosi cha wapagazi, ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, kiliundwa mwaka 1914. Ndimi za Waafrika zilililainisha jina hilo likawa Kariakoo. Leo Dar es Salaam ina Kariakoo yake, na Nairobi ina Kariokor yake. Kote huko watu hununua vitunguu, viatu na vitenge bila kukumbuka kwamba wanasimama kwenye jina la jeshi la wabeba mizigo. Ni mojawapo ya maneno machache ya Kiswahili ambayo ni makaburi bila kujijua.

Katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya, zaidi ya wanaume 150,000 waliingizwa katika kazi hiyo, hasa baada ya msako mkubwa wa 1917. Walikwenda katika nchi iliyokuwa ya Wajerumani kusini, ambako magari hayakupita na wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o. Risasi ziliwaua wachache. Waliowaua wengi walikuwa tumbo la kuhara, homa ya mapafu na malaria, pamoja na chakula wasichokizoea ambacho mara nyingi hakikuiva vizuri. Hesabu rasmi ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza katika Afrika Mashariki ilizidi 40,000, na wataalamu wengi wanaamini kwamba idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi.

Wengi wa hao hawakuwa na kaburi lililotiwa alama. Mpagazi aliyeanguka njiani aliachwa kando ya njia, na mzigo wake ukagawanywa kwa waliobaki. Mishahara ya waliokufa au kupotea, ambayo haikuwafikia jamaa zao, iliendelea kuwa hoja ya mabishano serikalini kwa miaka mingi baada ya vita. Mzigo ulikuwa na mwenyewe wa kuuulizia. Mbebaji hakuwa naye.

5.0 JIWE NA MTI: NJIA MBILI ZA KUKUMBUKA

Baada ya vita, tume ya Uingereza iliyoshughulikia makaburi ya vita iliweka kanuni kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina, bila kujali cheo. Kanuni hiyo haikufuatwa kwa askari na wapagazi wa Afrika Mashariki. Badala ya majina yalijengwa masanamu ya shaba Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, yakazinduliwa katika miaka ya 1920. Masanamu hayo yana maandishi ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu yanayowaahidi wapiganaji na wabeba mizigo kwamba, hata wakifa, wana wao watayakumbuka majina yao. Msomaji anaweza kuyazunguka masanamu hayo mara saba akitafuta jina moja, asilione. Jukumu la kukumbuka liliachiwa wana, na waliolitoa agizo hilo hawakuwapa wana hao orodha.

Haikuwa lazima iwe hivyo, na historia ya Kenya yenyewe inathibitisha. Waitalia waliotekwa katika Vita Vikuu vya Pili walifungwa katika kambi kadhaa nchini. Baada ya vita, nchi yao ilikusanya mabaki ya waliofia hapa, ikayaweka katika kanisa la ukumbusho mjini Nyeri, ambako zaidi ya askari 600 wamehifadhiwa. Taifa lililoshindwa vita liliwatafuta watu wake katika nchi ya mbali hadi likawapata. Vilevile, Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Kilindini, Mombasa, ikizamishwa siku chache baadaye na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Karibu watu 1,300 walikufa maji, wengi wao wakiwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Miili haikupatikana, lakini majina ya askari hao yaliandikwa katika ukumbusho wa Afrika Mashariki kwenye makaburi ya vita ya Nairobi. Bahari iliyameza maiti, haikuyameza majina. Kilichobadilika kati ya 1918 na 1944 hakikuwa uwezo wa kuandika, bali uamuzi wa kuandika.

Wagiriama kwa upande wao walikuwa na njia nyingine. Mtu mashuhuri, aliyekuwa mwanachama wa chama cha gohu, alipofariki alichongewa kigango, nguzo ndefu ya mti mgumu iliyotiwa nakshi. Watu wengine walisimikiwa koma, ambazo ni nguzo ndogo. La muhimu kwa mada hii ni kwamba kigango si alama ya kaburi. Hakisimikwi juu ya maiti. Husimikwa karibu na makao ya walio hai, ili marehemu apate pa kukaa miongoni mwa watu wake. Falsafa iliyomo ni kwamba kinachohitajika ili mtu akumbukwe si mwili, ni mahali na jina. Jamii yenye falsafa hiyo ilikuwa na zana ya kuwakumbuka waliofia mbali, kabla tume yoyote haijaundwa.

Huu nao haukuwa ulinzi kamili. Katika miaka ya 1970 na 1980 vigango vingi viliibwa na kuuzwa kwa watalii na majumba ya sanaa ng'ambo. Baadhi vilionekana baadaye katika makavazi ya Marekani, na mwaka 2007 viwili vilirudishwa kwa familia vilikoibwa baada ya uchunguzi wa mwanaanthropolojia Monica Udvardy na wenzake. Kwa hiyo kuna wazee wa Kilifi waliowahi kutekwa hata baada ya kufa, na watoto wao wakalazimika kuwadai.

Njia hizi mbili, ya jiwe na ya mti, zimekutana hivi karibuni. Aprili 2021 tume ile ya makaburi ya vita ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Januari 2025 ukumbusho mpya ulifunguliwa mjini Cape Town kwa ajili ya Waafrika Kusini weusi zaidi ya 1,700 waliofia katika vikosi vya kazi. Kila mmoja ana nguzo yake ya mvule yenye jina lake. Mgiriama akisimama mbele ya nguzo zile hatahitaji mkalimani.

6.0 MAANDAMANO YA MALINDI NA WATETEZI WENGINE

Kila mwaka, ifikapo Agosti, Chama cha Utamaduni cha Wilaya ya Malindi, kijulikanacho kwa ufupi MADCA, huandaa tamasha la Mekatilili wa Menza. Wazee wa kaya, akina mama waliovaa mahando, vijana na wanafunzi huandamana kwa ngoma. Tarehe 20 Oktoba 2010, katika Siku ya Mashujaa ya kwanza, sanamu ya Mekatilili ilizinduliwa katika bustani ya Uhuru mjini Malindi, na bustani ikapewa jina lake. Huko Washington ni ngurumo za injini. Malindi ni vishindo vya miguu. Tofauti hiyo ina maana yake, kwa sababu mateka anayekumbukwa hapa alirudi kwa miguu.

Hata hivyo, ni haki kuuliza anayekumbukwa ni nani. Mekatilili na Wanje walikataa, na jamii hupenda kuwaenzi waliokataa. Wanaume 1,000 walitolewa baada ya kushindwa. Hawakuimba wala hawakula kiapo mbele ya mzungu, walibeba. Katika simulizi za ukombozi hawana nafasi nzuri, kwa kuwa waliyabeba mahitaji ya jeshi lililozichoma nyumba zao. Lakini hawakuchagua. Kama Mekatilili alisimama ili vifaranga visichukuliwe, basi kumkumbuka kuku na kuvisahau vifaranga ni kukisoma kisa nusu. Tamasha linalomwadhimisha lingekamilika kama siku moja lingesoma kwa sauti majina ya wale aliowapigania.

Nje ya pwani wapo watetezi waliofika mbali zaidi kwa njia ya sheria. Wakongwe wa Mau Mau, ambao chama chao kilipigwa marufuku hadi 2003, walifungua kesi London mwaka 2009. Kesi hiyo ililazimisha kufichuliwa kwa majalada ya kikoloni yaliyokuwa yamefichwa Uingereza, na Juni 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa wadai 5,228. Hata hivyo kaburi la Dedan Kimathi, aliyenyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, halikuonyeshwa kwa familia yake. Fidia ilipatikana; alipo hapakutajwa.

Wala mada hii si ya wazee pekee. Majeshi ya Kenya yaliingia Somalia Oktoba 2011. Tarehe 15 Januari 2016 kambi yao ya El Adde ilishambuliwa, wengi wakauawa na baadhi wakachukuliwa mateka. Idadi kamili ya waliokufa haikutangazwa rasmi kwa umma. Kuna sababu za kijeshi za kunyamaza, na si busara kuzibeza. Lakini Itifaki ya Kwanza ya 1977 ya Mikataba ya Geneva, katika kifungu cha 32, inatambua haki ya familia kujua yaliyowapata jamaa zao. Haki hiyo ni ya mzazi wa askari wa leo kama ambavyo ingepaswa kuwa ya mzazi wa mpagazi wa 1917.

7.0 HITIMISHO NA MAPENDEKEZO

Makala haya yameonyesha kwamba utetezi wa mateka na waliopotea hauanzi na msafara. Huanza na orodha. Wakongwe wa Marekani waliweza kuitikisa serikali yao kwa sababu walikuwa na majina mkononi. Wagiriama waliweza kuwadai Mekatilili na Wanje kwa sababu waliyajua majina yao, na walishindwa kuwadai wale 1,000 kwa sababu walioandika waliandika tarakimu.

Lakini majina hayo huenda hayajapotea yote. Kwa desturi ya Wagiriama, mjukuu hupewa jina la babu. Aliyekwenda Kariakoo asirudi ana uwezekano wa kuwa na mjukuu au kitukuu anayeitwa kwa jina lake huko Ganze, Bamba, Kaloleni au Magarini, na katika boma hilo huenda yupo mzee anayejua kwa nini jina lile lilitolewa. Aliyezaliwa mwaka 1940 na kusimuliwa na bibi yake sasa amepita umri wa miaka 80. Maktaba hii haina nakala.

Kwa hiyo yanapendekezwa mambo matatu. Kwanza, wanafunzi wa Kiswahili wanaotoka Kaunti ya Kilifi watumie likizo zao kukusanya masimulizi ya ukoo kuhusu waliochukuliwa kati ya 1914 na 1918, wakirekodi jina kamili, ukoo, kijiji na maneno yenyewe ya msimulizi katika Kigiriama, kabla ya tafsiri ya Kiswahili. Pili, idara za Kiswahili ziyape masimulizi haya uzito sawa na ule unaopewa methali na nyimbo katika kozi za fasihi simulizi. Tatu, orodha itakayopatikana iwekwe katika makavazi ya taifa na nakala yake ibaki kwa wazee wa kaya, ili tume yoyote ya makaburi itakapouliza ipate jibu lililoandikwa.

Mwanafunzi anayefanya kazi hiyo hatamrudisha mtu yeyote kutoka pori la Rufiji. Hatapata mfupa wala kitambulisho. Atakachofanya ni kidogo, na ni cha lugha: jina likiandikwa, likasomwa mbele ya watu na kuwekewa nguzo, familia itakuwa na mahali pa kuelekeza uso. Kwa miaka zaidi ya 100 imekuwa ikiuliza aliko. Siku hiyo itaweza kuonyesha alipo.